Gramu 60 ndani ya kikombe cha kahawa

Mtu wa kwanza kuniambia ninywe supu ya kongoro baada ya upasuaji wangu wa kupunguza uzito nilimshukuru. Wa pili nilimshukuru pia. Ilipofika zamu ya shangazi yangu wa Tanga, aliyeshuka kwenye basi na ndoo nzima ya supu imefungwa khanga, shukrani zilikuwa zimeshaniishia. Dar hii ukitoka hospitali kila mtu ni mtaalamu wa lishe. "Nguvu zote ziko kwenye mifupa, mwanangu."

Haziko. Supu ya kongoro ni tamu, sikatai, na zile siku za vimiminika tupu ukiichuja inapita vizuri. Lakini protini yake nyingi ni ile ya kano na ngozi, inayofanya supu igande ikilala kwenye friji, na hiyo ina kasoro: protini hujengwa kwa matofali yanayoitwa asidi amino, na moja, triptofani, haimo kabisa. Misuli haijengwi kwa hiyo peke yake. Mimi niliagizwa nisishuke chini ya gramu 60 za protini kwa siku, na nikiweza nisogee kwenye 80. Bakuli la shangazi lingenijaza hadi shingoni na gramu zenyewe zisionekane.

Maana tumbo lenyewe lilikuwa wapi? Niliopasuliwa mimi ni ule upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba. Mlo wangu wa miezi ya mwanzo nilikuwa naupima kwa kikombe cha kahawa, vile vidogo vya kijiweni, na kuna siku nilishindwa kukimaliza. Njaa nayo ilihama, kwa sababu sehemu inayokatwa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Watu wanadhani tunahangaika kujizuia kula. Mimi nilikuwa naweka kengele kwenye simu inikumbushe.

Kijana mmoja wa gym mtaani kwetu akaniuzia kopo la unga wa protini, laki na ushee, na ushauri juu yake bure: changanya na uji wa moto, dada, uingie mwilini haraka. Nikaukorogea kwenye uji unaotokota. Ule unga unatokana na maziwa, na ukikutana na kitu kinachochemka unaganda. Mabonge yakaanza. Nikakoroga kwa nguvu, mabonge yakazaliana. Nikamimina vyote kwenye blenda. Povu likapanda mpaka likainua mfuniko, ukuta wa jiko ukapata rangi mpya yenye harufu ya vanila. Nilichobakiza nikakichuja, nikanywa maji yake, na yale makapi kwenye chujio yalikuwa yanavutika. Mume wangu akachungulia akauliza, "Mama, leo tunapika gundi?"

Kumbe unakorogwa kwanza na maji baridi kidogo mpaka ulainike, ndipo unaumimina kwenye uji uliopoa kiasi cha kutia kidole bila kukitoa mbio. Hapo haukatai. Lakini utamu wake ulikuwa umeshanikinai. Baada ya upasuaji ulimi nao unakuwa na mambo yake. Kopo likaenda kwa mdogo wangu, ambaye hana upasuaji wala gym.

Kilichonitoa ni dagaa. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, tena iliyokamilika, na anaingia kwenye chakula cha chumvi karibu chochote ukijua kumnyamazisha. Kazi iko hapo. Kwanza usichukue dagaa aliyeanikwa mchangani, utaosha mpaka tangi likauke na mchanga utausikia kwenye meno. Wa baharini wana chumvi mno. Mimi nilichukua wa Kigoma, pale Kariakoo, bei imechangamka kidogo lakini safi. Vichwa na matumbo vyote toa, uchungu unakaa humo. Waoshe kwa maji ya vuguvugu yenye ndimu, waanike wakauke kabisa, halafu kaanga bila mafuta, moto mdogo, pamoja na vipande vyembamba vya tangawizi. Usiondoke jikoni, wakiungua ni uchungu ule ule umerudi. Mmoja ukimbana kwa vidole viwili akakatika ta!, wameiva. Akipinda, rudisha. Waache wapoe ndipo usage, kwa sababu ukisaga wa moto mvuke unafanya unga ushikane ukutani mwa blenda. Chekecha kwa chekeche la unga wa ngano, yanayobaki juu yasage tena. Mimi nilikuwa nachekecha mara mbili, na sioni aibu.

Kijiko kikubwa kilichojaa cha unga huo kina gramu 5 au 6 za protini, karibu sawa na yai zima, na nafasi kinachochukua tumboni ni ndogo mno. Nilikitia kwenye mchuzi wa nyanya na tui jepesi, nikakitia kwenye mtori wa ndizi chache. Shangazi yule yule alikula huo mtori, akaongeza, akasema huu ndio mtori wenye nyama. Nilimwacha amalize ndipo nikamwonyesha chupa ya unga wa dagaa. Kwenye uji wa sukari wapo wanaowawekea watoto. Mimi nilionja mara moja na ikatosha.

Maziwa nayo nilikuwa nayaongezea maziwa ya unga, yale yasiyo na mafuta: vijiko viwili vikubwa kwenye kikombe, gramu 6 hivi za ziada bila kuongeza ujazo wa maana. Na mtindi nilikuwa naufunga kwenye kitambaa safi na kuuning'iniza ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi maji yamechuruzika, umebaki mzito wa kula kwa kijiko. Maharage ni mazuri ila yanajaza haraka na gesi yake sina haja ya kusimulia.

Kuku, hasa wa kienyeji na hasa kidari, mwendee kwa heshima. Harusini nilimeza finyango ambalo sikulitafuna sawasawa. Kifua kikakaza, mate ya povu yakajaa mdomoni, nikatoka ukumbini na leso usoni watu wakidhani nimeguswa na wimbo wa bibi harusi. Tangu hapo ni mapaja, yaliyopikwa yakalegea, na mchuzi wake. Na sinywi maji mezani, nasubiri nusu saa baada ya kula. Nikiwa kwenye shughuli naanza na nyama na samaki, pilau nalidokoa mwishoni kama kuna nafasi. Wanasema nina mapozi. Wali wa mwenye shughuli hauna gramu ninazotafuta.

Nywele zilipoanza kutoka kwenye kitana, kwenye mwezi wa nne hivi, msusi wangu aliniambia ni jicho. Ni kawaida baada ya upasuaji na kupungua kwa kasi, na protini ikikosekana inazidi. Zimerudi.

Ramadhani ya mwaka ule daktari alinikatalia kufunga, sikubishana naye. Iliyofuata aliniruhusu, na hapo ndipo hesabu ilipokuwa tamu: gramu zote 60 na maji yote ya siku yaingie kati ya magharibi na daku, na huku kula na kunywa havitakiwi kukutana. Tende moja na mafunda ya maji, nangoja, mchuzi wa dagaa. Baada ya tarawehe maziwa yale yaliyoongezwa, nayanywa taratibu mpaka nikichoka kuyashika. Daku mayai na mtindi wa kitambaa. Sambusa sikuziacha, ila nazipasua nakula nyama ya ndani, maganda yanagombaniwa na watoto, na wa mwisho amejifunza kukaa ubavuni kwangu kabla ya adhana.