Siku moja maishani mwangu: fundi sauti kwenye filamu ya kauboi ya Kikristo

Saa 10 alfajiri niko macho. Chai, sala fupi, kukagua betri, kisha barabarani kutoka Tucson, Arizona, hadi ranchi tunakopiga filamu. Jirani kuna Old Tucson, mji wa maigizo uliojengwa mwaka 1939 kwa ajili ya filamu ya Arizona, lakini bajeti yetu haifiki huko. Mji wetu ni kuta chache za mbao zilizoegemezwa nguzo kwa nyuma, na kanisa dogo.

Saa 12 nawafunga waigizaji maikrofoni. Kizibao cha ngozi hutoa mkwaruzo kila mara mwigizaji akivuta pumzi, kwa hiyo naificha maikrofoni chini ya kola, naishika kwa plasta, namwambia mwigizaji ainame, ageuke, apige magoti. Atapiga magoti sana leo: ni jambazi anayetubu.

Saa 2 msimamizi wa silaha anatuonyesha bastola moja moja. Zote ni za mpira, moto wa risasi utaongezwa kwenye kompyuta. Tangu mpigapicha Halyna Hutchins alipouawa kwa risasi mwaka 2021, akiwa kazini kwenye filamu ya kauboi kule New Mexico, sitaki kuona mtu akiliharakisha zoezi hili.

Asubuhi inakwisha kwa farasi kuingia na kutoka.

Kisha toba. Kurasa mbili tu za mswada, na ndizo zilizofanya filamu hii itengenezwe. Waumini waliojitolea wamekaa kwenye mabenchi wakiwa wanakijiji, baadhi yao Wakongo wa hapa Tucson. Jambazi ananong'ona, "Baba, nimemwaga damu..." Ndege ya kivita inapita. Kata! Kambi ya jeshi la anga haiko mbali, na ndege zikianza huja mbili mbili. Tunangoja. Tunaanza upya. Ndege. Tunangoja tena, madirisha yamefungwa, feni zimezimwa kwa amri yangu, nje ni nyuzi 38. Machozi ya mwigizaji yamekauka. Mtayarishaji ananijia kwa ukali: si mlio utaondolewa studio? Namweleza kwamba ukiuondoa chini ya mnong'ono, unang'oa na mnong'ono wenyewe. Kumrudisha mwigizaji arudie maneno studio kuna gharama, na fedha hizo hazipo. Tena kilio cha studio si kilio cha mtu aliye magotini.

Kila jicho liko kwangu. Mikono imekufa ganzi kwa kushikilia mlingoti wa maikrofoni juu ya kichwa. Mama mmoja Mkongo ananinyooshea chupa: "Mwanangu, kunywa maji kwanza."

Watu hudharau filamu za namna hii kwa kuwa ni za bei nafuu. Mimi naamini mtazamaji atavumilia ukuta wa mbao unaotikisika, lakini sala asiyoisikia haitamgusa.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipoipata, nzima, mpaka amina. Farasi alilia nje katikati, nikamwacha. Hadithi yetu ni ya mwaka 1880: farasi walikuwepo, ndege za kivita hazikuwepo. Watu wakataka kukimbilia chakula, nikawazuia: nusu dakika ya kimya, mtu asitikisike, nirekodi sauti ya chumba kikiwa kimya ili mhariri apate cha kuungia vipande. Walinuna, wakakaa.

Usiku nanakili kila kitu kwenye diski mbili, macho yakijifumba. Kwenye ripoti ya sauti nimemwandikia mhariri: toba, tumia ya mwisho, farasi abaki.