Gramu 90 za protini ndani ya kalori 1,500: nilivyojipanga hapa Mwanza

Mtu wa Mwanza akilalamika kwamba hapati protini ya kutosha, watu watamcheka. Ziwa lile pale, dagaa wa soko la Mwaloni wanauzwa kwa gunia, na sato anakufuata mpaka mlangoni akiwa kwenye beseni kichwani. Lakini jaribu kula kalori 1,500 tu kwa siku halafu uone. Mimi nilipangiwa hivyo kliniki baada ya magoti na presha kuanza kunisumbua. Mtaalamu wa lishe akaniongezea sharti moja: protini isishuke chini ya gramu 90. Alipiga hesabu ya gramu 1.2 kwa kila kilo ya mwili, na wakati huo nilikuwa na kilo 76. Akanieleza kwamba mtu akipunguza chakula bila kulinda protini, mwili hauchomi mafuta peke yake, unachukua na misuli. Tena protini inakaa tumboni, njaa ya saa kumi jioni inapungua. Mwenye shida ya figo asichukue namba zangu, aulize kwanza kwa daktari wake.

Kwenye karatasi jambo lenyewe ni jepesi. Gramu moja ya protini ina kalori 4, kwa hiyo gramu 90 ni kalori 360. Zinabaki nyingi tu. Shida ni kwamba sisi hatuli protini ikiwa peke yake. Sato anaingia kwenye karai la mafuta mpaka anakuwa mgumu kama ubao, kisha anaungwa kwa nyanya na mafuta mengine, kisha anawekwa kando ya mlima wa ugali. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina kalori kama 120 na protini sifuri. Na ugali wetu wa udaga, ambao naupenda kuliko wa sembe, protini yake ni ya kutafuta kwa tochi kwa sababu ni muhogo mtupu. Ukila hivyo mara mbili kwa siku kalori zimekwisha, na protini hujafika.

Nikanunua kimizani kidogo cha betri mtaa wa Makoroboi, nikaanza kujiuliza swali moja kwa kila chakula: gramu 30 za protini hapa zinanigharimu kalori ngapi? Jibu ndilo lililonipangia jiko. Minofu ya sato aliyechemshwa inanipa gramu 30 kwa kalori kama 150. Dagaa wakavu, kama gramu 50 hivi, wananifikisha karibu na hapo kwa kalori 175 au pungufu kidogo. Mayai inabidi yawe matano, kalori 350. Maharage yaliyopikwa bila mafuta yanakaribia 450, na bakuli lenyewe si la mtu mmoja. Karanga, ambazo kila mtu alikuwa ananiambia nile "kwa ajili ya protini", zinapita 650. Karanga ni nzuri, lakini kwa mtu wa kalori 1,500 ni mafuta yenye protini kidogo, siyo kinyume chake.

Kwa hiyo dagaa. Watu wa hapa tunawadharau kwa sababu ni wa bei ya chini, na wengine wanawachukulia kama chakula cha kuku. Ila ni samaki mzima, unamla na mifupa yake, unapata na madini ya chokaa humohumo. Kazi iko kwenye kuchagua. Waliokaushwa chini kwenye mchanga na waliokaushwa juu ya chanja huwezi kuwalinganisha. Nina dada mmoja pale Mwaloni ninayenunua kwake, yeye hasemi sana, anachota kiganja anakupa: "Onja, dada." Ukitafuna ukasikia kokoto, rudisha. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, anavunjika kwa sauti, na harufu yake ni ya samaki siyo ya kuoza. Akiwa wa njano au mwekundu ubavuni, huyo alinyeshewa au amekaa, mafuta yake yameshaharibika.

Nikifika nyumbani natoa vichwa. Wengine wanasema napoteza, lakini uchungu mwingi uko kichwani na kwenye utumbo. Naosha kwa maji ya uvuguvugu, namwaga, naosha tena, mpaka chini ya beseni pasibaki mchanga. Kisha nawaweka kwenye sufuria kavu, moto mdogo, bila tone la mafuta, nageuza kwa mwiko hadi waanze kulia kama majani makavu. Hapo ndipo wanapopata ile ladha ambayo watu wanadhani inatoka kwenye mafuta. Baadaye naweka kijiko kidogo kimoja cha mafuta (kalori 40, nakubali), kitunguu, tangawizi, nyanya, nyanya chungu mbili tatu, na ndimu mwishoni. Chumvi sihitaji sana. Sehemu nyingine nawasaga wakiwa wamekauka, unga wake nauweka kwenye kopo na kuunyunyizia kwenye mchicha au mlenda. Vijiko viwili vya unga ule kwenye mboga hata mgeni hajui kama kuna samaki.

Sato yeye nambakiza kwa jioni. Namchemsha na nyanya, bamia, pilipili hoho na ndimu, supu inakuwa nyingi, tumbo linajaa kwa maji na mboga. Sangara pia nakula, ila nachagua kipande cha mgongoni. Sangara akiwa mkubwa ana mafuta mengi, hasa tumboni, ndiyo maana akikaangwa anaachia mafuta yake mwenyewe. Mapanki nimeyaacha: kwa bei yanavutia, lakini ni mfupa na kichwa cha sangara, na mara nyingi yanauzwa yakiwa yamekaangwa. Kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, nayo siigusi kwa sababu ya chumvi na presha yangu.

Siku yangu ya kawaida iko hivi. Asubuhi mayai mawili mazima ya kuchemsha na ute wa mengine mawili, chai ya rangi bila sukari. Viini viwili vinavyobaki watoto wanagombania, siviwazi. Hapo nina kama gramu 19. Mchana dagaa zangu gramu 50 na bakuli dogo la choroko, hapo naongeza karibu 38. Jioni sato, gramu 30. Ukijumlisha na kile kidogo kinachotoka kwenye ugali na maziwa, 90 inapita, na vyakula vyote vya protini havijala kalori 700. Zinazobaki ndiyo za ugali ukubwa wa ngumi yangu, mboga za majani nyingi, papai, na mafuta ninayopima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu.

Dengu na choroko sikuziacha ingawa kwa hesabu yangu ya kalori ni ghali. Kanda yetu inazilima sana, bei yake inavumilika, na zina nyuzinyuzi ambazo samaki hana. Nilichofanya ni kuzitoa kwenye nafasi ya mboga na kuziweka kwenye nafasi ya ugali. Siku nikila choroko nyingi, ugali sili kabisa. Hilo ndilo lililoleta maneno nyumbani. Mama mkwe alipokuja kutoka Sengerema akakaa akaniangalia siku mbili tatu, kisha akaniita pembeni: "Mwanangu, unaumwa nini usichotaka kusema?" Huku kwetu mtu akikonda ni ugonjwa au ni ndoa. Nikamwambia, "Mama, ni daktari kasema." Neno daktari lilimtuliza, ila tonge langu aliendelea kulikata kubwa kila alipopakua yeye. Nikawa napakua mimi.

Kitu ambacho kalenda ya kliniki haikijui ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa taa za sola na betri. Wanafuata mwanga wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mwanga wa taa hauonekani kitu, wavuvi wengi wanapumzika, na Mwaloni bei inapanda. Kwa hiyo mimi nanunua dagaa za kutosha giza likiwa limekolea, nawaanika tena juani siku moja nyumbani, nawahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Masika ni habari nyingine. Mvua ikinyesha mfululizo dagaa hawakauki vizuri, na wale wenye unyevu wanaoza kwenye ndoo kabla hujafika mwisho. Wiki hizo nahamia kwenye mayai, kuku aliyetolewa ngozi, na mtindi ulioenguliwa mafuta ninapoupata.

Uzito umeshuka kilo kumi na kitu, polepole, na mikono yangu bado inabeba ndoo ya maji ya lita ishirini mpaka ghorofani kama zamani. Sehemu ngumu iliyobaki ni misiba na harusi, ambapo huwezi kutoa mizani mbele za watu. Huko nakwenda nikiwa nimeshakula mayai nyumbani. Nachukua nyama na kachumbari, pilau nakula vijiko vichache kwa heshima, inayobaki namsogezea shemeji yangu. Hajawahi kukataa.