Washington: jina lililotoka kijijini

Nilipohamia Tacoma, katika jimbo la Washington, nilifanya kazi na mzee mmoja Mmarekani mweusi ambaye jina lake la ukoo ni hilohilo la jimbo, nami nikadhani kwamba amenasibishwa nalo, kama watu wa pwani yetu wanaoitwa Shirazi wanavyonasibishwa na mji wa Shiraz. Aliniambia kwa upole kwamba wazee wake walilichukua jina hilo huko Virginia baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, wakati ambapo hapa hapajawa jimbo bado.

Asili ya jina hilo ni kijiji cha kaskazini-mashariki mwa Uingereza, ambacho zamani kiliandikwa Wessyngton. Katika karne ya 12 bwana mmoja aliyeitwa William de Hertburn alihamia huko, akaliacha jina la alikotoka na kujiita kwa jina la makazi yake mapya. Kwa hiyo hata Washington wa kwanza alikuwa mhamiaji. Baada ya karne tano John Washington, baba wa babu yake George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alivuka bahari hadi Virginia. Mji mkuu wa Marekani ulipewa jina hilo mwaka 1791, kisha mwaka 1853 Bunge la Marekani likaliita eneo letu kwa jina hilohilo, ingawa walowezi waliomba liitwe Columbia. Likawa jimbo mwaka 1889.

George mwenyewe hakuzaa mtoto. Katika sensa ya mwaka 2000, watu wapatao 163,000 walikuwa na jina hilo, na takriban tisa kati ya kila kumi walikuwa weusi. Booker T. Washington, kiongozi maarufu wa Wamarekani weusi aliyezaliwa utumwani, alisimulia kwamba mwalimu alipokuwa akiita majina darasani, aligundua kuwa wenzake wana majina mawili naye ana moja tu, na zamu yake ilipofika akajitajia Washington.

Kisa hicho hunigusa sana. Kwetu mtoto hufuatishiwa jina la baba yake, lakini katika hati zangu za huku jina la babu yangu ndilo lililohesabiwa kuwa la ukoo, na wanangu wanaitwa kwa jina la mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Nilipomweleza mzee yule hayo, nikamwambia pia kwamba kule Nyanza, Kenya, wako wanaume wengi Wajaluo ambao Washington ni jina lao la kwanza. Aliniomba nimwandikie neno Nyanza kwenye karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni.