Baada ya mzunguko wa nne, dawa moja au mbili?

Mgonjwa akimaliza mzunguko wa nne wa tibakemia na picha ya CT ikaonyesha uvimbe umetulia, lazima aniulize: "Sista, sasa napumzika?" Bado. Saratani ya mapafu ikishasambaa, wengi huendelea na dawa ya kudumisha, mara nyingi dripu kila wiki 3, hadi ugonjwa uanze tena au mwili uikatae dawa. Swali la pili ndilo hunifanya nivute kiti: "Mbona mwenzangu anapewa dawa mbili?"

Hapo huwasimulia utafiti wa Marekani, ECOG-ACRIN 5508, uliochapishwa 2019. Wagonjwa 874 walipangwa kwa bahati nasibu: bevacizumab (huzuia mishipa ya damu inayolisha uvimbe) peke yake, pemetrexed (tibakemia) peke yake, au zote mbili. Nusu ya waliochanganyiwa walipita miezi 7.5 bila ugonjwa kuendelea. Kwa bevacizumab pekee ilikuwa miezi 4.2. Ukiishia hapo utapiga vigelegele. Muda wa kuishi, lakini, ulikuwa miezi 16.4 kwa 14.4, tofauti ambayo watafiti hawakuweza kuitenga na bahati tu. Madhara makali yaliwapata asilimia 51 ya waliochanganyiwa, dhidi ya 29 wa bevacizumab.

Asilimia hizo mimi nazijua kwa sura. Bevacizumab hupandisha presha na kumwaga protini kwenye mkojo. Pemetrexed hushusha chembe nyeupe, tena ina masharti: asidi foliki kila siku, sindano ya vitamini B12 kila wiki 9. Mzee mmoja aliniambia kwamba siku ya dripu anaijua kwa uchovu wa mkewe, si wake.

Sisemi kuchanganya ni bure. Utafiti mwingine, KEYNOTE-189, mwaka 2018, uliongeza pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, kwenye tibakemia na kuiendeleza pamoja na pemetrexed: baada ya miezi 12 walikuwa hai asilimia 69.2, dhidi ya 49.4 ya waliopata tibakemia bila pembrolizumab. Ila pale dawa ilianza siku ya kwanza, kwa hiyo huwezi kujua sifa ngapi ni za kipindi cha kudumisha.

Kwa saratani ya mapafu ya chembe ndogo, aina nyingine ya ugonjwa huu, utafiti wa IMforte wa 2025 ulipima kipindi hicho chenyewe: kwa lurbinectedin (tibakemia) na atezolizumab (dawa ya kinga), muda wa kuishi ulikuwa miezi 13.2, dhidi ya 10.6 kwa atezolizumab pekee. Huo nimeukubali, ingawa jedwali la madhara nililisoma kabla ya matokeo, kama kawaida yangu.