Ruta ya pili ilishika Waifai bila intaneti: nilivyotatua

Simu ilionyesha Waifai imejaa, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Ruta zote mbili zilikuwa na anwani moja, 192.168.1.1, na kebo kutoka ya kwanza ilichomekwa kwenye tundu la WAN (la kupokea intaneti) la ya pili. Ruta haiwezi kupitisha data ikiwa pande zake mbili zina anwani za mtandao uleule.

Nilichomoa kebo hiyo, nikaunganisha kompyuta na ruta ya pili peke yake. Kwenye mipangilio ya LAN (mtandao wa ndani) nikaweka 192.168.1.2, namba iliyo nje ya zile ambazo ruta ya kwanza hugawa. Ilipowaka upya nikaingia kwa anwani mpya, ndipo nikazima DHCP, huduma inayogawia vifaa anwani. Usianze na DHCP: kompyuta ikikosa anwani, utalazimika kuiwekea kwa mkono, mfano 192.168.1.50, ndipo uingie tena. Kisha kebo ikaenda LAN kwa LAN. Tundu la WAN likabaki tupu.

Jina na nenosiri la Waifai nikayafanya sawa kwenye ruta zote, usalama WPA2 (aina ya ulinzi wa Waifai), chaneli (njia ya mawimbi) 1 huku na 11 kule. WPS, njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN bila nenosiri, nikaizima. Nenosiri la msimamizi, lile lililobandikwa chini ya ruta, nalo libadilishwe, wengi hulisahau.