Kila Agizo Lina Sababu Yake: Nilivyojiandaa na Kufanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Nilipomwambia daktari kwamba nimekubali kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, nilitarajia kupangiwa tarehe ya kuingia chumba cha upasuaji. Haikuwa hivyo. Nilikabidhiwa karatasi ndefu ya vipimo, miadi ya mtaalamu wa lishe, miadi ya mwanasaikolojia na miadi ya daktari wa dawa ya usingizi, na miezi 5 ikapita kabla sijalala juu ya meza ya upasuaji. Leo imetimia miezi 14 tangu siku ile. Watu wanaonijia kuniuliza habari zake huuliza zaidi juu ya kisu: kinauma kiasi gani, kinachukua saa ngapi, kovu likoje. Huwajibu, lakini moyoni hutamani waniulize juu ya yaliyotangulia na yaliyofuata, kwa kuwa huko ndiko ilikokuwa kazi yenyewe.

Nimejifunza pia jambo moja juu ya nafsi yangu katika safari hii. Maagizo niliyopewa bila kuelezwa sababu niliyalegeza mapema, na yale niliyoelezwa sababu zake nimeyashika hadi leo. Ndiyo maana hapa nitajitahidi kuandika kila agizo pamoja na kilicho nyuma yake.

Swali la kwanza ni nani anayefaa kufanyiwa upasuaji huu. Madaktari hutumia kipimo cha BMI, yaani kilo zako zikigawanywa kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa miaka mingi walifuata mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991, uliotaka mgonjwa awe na BMI ya 40 au zaidi, au 35 iwapo ana maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza masharti hayo: sasa hupendekezwa kuanzia 35 hata pasipo maradhi mengine, na huweza kufikiriwa kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari cha aina ya pili. Mimi nilikuwa na 41, kisukari, na kiungulia cha miaka mingi.

Kiungulia hicho, ambacho nilikuwa karibu nisikitaje kwa kukiona kidogo, ndicho kilichoamua aina ya upasuaji wangu. Zipo aina mbili zinazofanywa zaidi. Katika ya kwanza, asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula hukatwa na kutolewa kabisa, ukabaki mrija mwembamba, na sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Katika ya pili, daktari hutenga kijifuko kidogo sehemu ya juu chenye ujazo wa mililita 30 hivi, kama vijiko 2 vya mezani, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi, hivyo chakula huchepuka na kuupita mfuko uliobaki pamoja na mwanzo wa utumbo. Aina ya kwanza ni fupi na rahisi zaidi kuifanya, lakini huweza kuzidisha kiungulia, wakati ya pili kwa kawaida hukipunguza. Nilichepushiwa njia. Laiti ningenyamaza juu ya kiungulia, huenda ningepewa upasuaji usionifaa, na kwa hiyo nakusihi umweleze daktari kila kitu, hata kile unachokiona hakihusiani na uzito.

Vipimo vilikuwa vingi na sitavitaja vyote. Niliingizwa kamera kooni ili ukaguliwe mfuko wa chakula na kutafutwa bakteria wa H. pylori, wanaosababisha vidonda vya tumbo, kwa kuwa baada ya upasuaji sehemu iliyofichwa haifikiki tena kwa urahisi. Nilipimwa usingizi, kwani mtu anayekosa pumzi akiwa amelala yumo hatarini zaidi anapopewa dawa ya usingizi, na akijulikana mapema hupewa mashine ya kumsaidia kupumua usiku. Damu yangu ilionyesha upungufu wa vitamini D na wa madini ya chuma. Nilishangaa, maana niliamini mwili mnene hauwezi kukosa lishe. Kumbe unene na upungufu wa virutubisho hukaa katika mwili mmoja mara nyingi sana, na ni lazima upungufu huo urekebishwe kwanza, kwa sababu baada ya upasuaji kuurekebisha huwa kugumu zaidi.

Miadi niliyoiogopa kuliko zote ilikuwa ya mwanasaikolojia. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kwenye mtihani, nikiwa nimejiandalia majibu ya kupendeza. Aliniuliza swali moja tu lililoyaangusha majibu yote: siku ukiwa na huzuni, usiku, peke yako, unafanya nini? Nilikaa kimya kwa muda mrefu, kisha nikamweleza ukweli, kwamba nilikuwa nikila nimesimama jikoni, gizani, bila njaa yoyote. Nilidhani ndio mwisho wa safari yangu. Badala yake alisema kwamba upasuaji utapunguza njaa ya tumbo lakini hautaigusa ile ya huzuni, na akanitaka tukutane mara 4 zaidi ili nijifunze kuitambua kabla haijanishika. Leo ninaamini kwamba mikutano ile ilinisaidia sawa na upasuaji wenyewe. Kwa mtu ambaye chakula ndicho kilichokuwa mfariji wake, kuondolewa chakula ghafla ni msiba, na msiba huhitaji maandalizi.

Kwa wanawake kuna agizo ambalo halisemwi vya kutosha: usishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, kwa kuwa katika kipindi hicho mwili unapungua kwa kasi na hauna akiba ya kumlisha mtoto. Hatari iko pande mbili. Uzito ukipungua uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa aliyehangaika miaka mingi, na wakati huohuo vidonge vya uzazi wa mpango huenda visinyonywe vizuri baada ya njia ya chakula kuchepushwa. Zungumza na daktari wako mapema juu ya njia ya uzazi wa mpango isiyomezwa. Na kwa mvutaji wa sigara, jinsia yoyote, kuacha si ushauri bali ni sharti, maana uvutaji huchelewesha kupona na huleta vidonda pale mfuko na utumbo vilipounganishwa.

Kisha zikaja wiki 2 za mwisho, zile za mlo mdogo wa vinywaji vyenye protini na mboga kidogo. Siku ya tatu kichwa kiliniuma na nilikuwa mwepesi wa hasira kwa kila mtu nyumbani. Nilichokuwa nikijua, na kilichonizuia kuiba chakula, ni maelezo ya daktari kwamba sehemu ya kushoto ya ini huulalia mfuko wa chakula, na kwa watu wenye unene mkubwa ini hujaa mafuta, likavimba na kuwa tepetepe, kiasi kwamba kuliinua ili kufika mfukoni huwa vigumu na huweza kulifanya litoe damu. Wiki hizo 2 hulisinyaza. Nilipotamani kula nililifikiria ini langu, nikanywa maji.

Juu ya upasuaji wenyewe nina machache ya kusema kwa sababu nililala. Matundu madogo 5 yalitobolewa tumboni, gesi ikajazwa ndani ili daktari apate nafasi ya kuona na kufanya kazi, na kamera ikaingizwa. Yalipita takribani saa 2. Nilipozinduka, maumivu makubwa hayakuwa tumboni bali begani, kwa sababu gesi inayobaki huusumbua msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva zake huyapeleka maumivu begani. Dawa ya jambo hilo ni kutembea. Jioni ileile wauguzi walinisimamisha na kunitembeza ukumbini, na kila siku nilichomwa sindano ya kuzuia damu isigande kwenye mishipa ya miguu, kwani donge la damu likipanda hadi kwenye mapafu huweza kuua. Vifo ni vichache, takribani mtu 1 kati ya 1,000 katika vituo vyenye uzoefu, lakini hatari ipo, na ile inayoogopwa zaidi siku za mwanzo ni maungio kuvuja. Nilikariri dalili zake kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani: moyo kwenda mbio hata umetulia, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, kupumua kwa shida. Dalili hizo hazingojei asubuhi.

Dawa zangu za kisukari zilipunguzwa tangu siku ya kwanza, kabla uzito haujapungua hata kidogo, kwa sababu kuchepusha njia ya chakula hubadilisha homoni za utumbo na sukari huweza kushuka haraka. Mwenye kisukari asirudi nyumbani bila maelekezo mapya ya dawa zake.

Kula upya ndiko kulikonifundisha unyenyekevu. Wiki 2 za vinywaji, kisha vyakula vilivyosagwa, kisha vyakula laini, na vyakula vigumu kuanzia kama wiki ya 6 hadi ya 8. Protini huliwa kwanza, gramu 60 hadi 80 kwa siku, ili mwili uchome mafuta badala ya misuli. Maji hunywewa kwa mafunda madogo siku nzima na si wakati wa kula, unangoja nusu saa baada ya chakula. Katika wiki ya 7 nilikula kipande cha kuku kwa haraka, huku nikizungumza, bila kukitafuna sawasawa. Kilikwama. Nilihisi kifua kinabanwa, mate yakanijaa mdomoni, na kwa dakika 20 nilisimama juu ya sinki hadi kikatoka. Tangu siku hiyo nakula nikiwa nimekaa, na naweka kijiko chini baada ya kila tonge. Jambo jingine lilikuwa sukari: funda chache za kinywaji kitamu ziliniletea jasho, moyo kudunda na kichwa kuzunguka, kwani sukari hutumbukia utumboni kwa ghafla. Pombe nayo hufika kwenye damu haraka kuliko zamani, na wapo watu ambao baada ya upasuaji huu wamehamisha utegemezi wao kutoka chakula hadi pombe. Nimeamua kuiacha kabisa.

Katika wiki ya 3 mizani iligoma kwa siku 9. Nililia. Baadaye nilielezwa kwamba karibu kila mtu hupitia hali hiyo, mwili ukirekebisha maji yake. Katika mwezi wa 4 nywele zilianza kutoka kwa mafungu, na hilo nalo ni la kawaida baada ya mwili kupata mshtuko, na kwa wengi huota tena ikiwa protini na madini vinatosha. Nilipewa pia vidonge vya miezi 6 vya kuzuia vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, ambavyo hutokea kwa wanaopungua haraka. Ngozi iliyolegea bado ninayo tumboni na mikononi, na mazoezi hayakuirudisha.

Nimepungua asilimia 29 ya uzito niliokuwa nao, na kwa kawaida watu hupoteza kati ya robo na theluthi. Wapo walioniambia kwamba nilichagua njia ya mkato. Maneno hayo yaliniumiza, hasa yalipotoka kwa watu niliowapenda, na sikuwa na jibu fupi la kuwapa.

Wiki iliyopita nilipata majibu ya damu ya mwaka. Sukari ni nzuri bila dawa, lakini chuma kimeshuka tena. Daktari aliniuliza namna ninavyomeza vidonge vyangu vya vitamini na madini, nikagundua kwamba nilikuwa nikimeza chuma pamoja na kalsiamu, ilhali kalsiamu huzuia chuma kunyonywa. Vitamini B12 yangu bado iko sawa, ila ameniongezea sindano, kwa sababu ini huwa na akiba yake ya miaka kadhaa na upungufu hujitokeza pale mtu anapodhani ameshapona. Vidonge hivi ni vya maisha yote. Sasa chuma nakimeza asubuhi, na kalsiamu naigawa mchana na usiku, na nitapimwa tena baada ya miezi 3.