"Ndiyo" ya mpwa wangu

Mpwa wangu alikuwa na miaka 15 alipokamatwa na simu ya wizi. Rafiki yake alimpa amshikie, mwenye simu akatokea, rafiki akatimua mbio. Kituoni wakamuuliza, "Simu ilikuwa kwako?" Akajibu, "Ndiyo." "Ulijua si yako?" "Ndiyo." Maelezo yakaandikwa kwamba amekiri, naye akatia sahihi bila mzazi wala wakili pembeni.

Nyumbani tumemlea hivyo: mkubwa akiuliza, mtoto aitikie. Sikuwahi kufikiri adabu hiyo ingemponza.

Wakili wa msaada wa kisheria aliyasoma maelezo yale akaguna. "Huyu amekubali jambo, hajakiri kosa." Kushika simu ni jambo, kuiba ni kosa. Akatueleza kwamba kifungu cha 40 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kinataka mtoto aambiwe upesi anatuhumiwa nini, apate msaada wa kuandaa utetezi, asilazimishwe kukiri, na apewe mkalimani bure kama haelewi lugha inayotumika. Hilo la mkalimani lilinichoma. Lugha ilikuwa yetu wenyewe, na bado hatukuwa tunaelewa.

Nikachukua daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto neno la mahakamani, kulia maana yake kwa maneno ya mtoto mwenyewe, si yangu. "Dhamana" alidhani ni faini; baada ya maelezo akaandika: "nalala nyumbani, nikiitwa naenda." "Kutajwa" ndilo lililotutesa. Siku ya kwanza tulibeba mashahidi wawili, shauri likatajwa kwa dakika chache tu likaahirishwa, tukarudi na mashahidi wetu wamenuna. Kumbe kutajwa siyo kusikilizwa.

"Afisa ustawi wa jamii" alimdhania askari aliyevaa kiraia, akamficha kwamba alikuwa ametoroka shule wiki mbili. Ikabidi turudi kwake kusahihisha, maana ripoti yake ndiyo inayomweleza hakimu mtoto huyu ni nani na anaishi vipi. Mimi nilikuwa nimeandika "kutiwa hatiani". Wakili akalikata kwa wino mwekundu. Nchi kadhaa hazimwambii mtoto neno hilo, na Uingereza ililiondoa kwenye mashauri mengi ya watoto tangu sheria yake ya mwaka 1933.

Jioni nilijifanya hakimu. Sharti lilikuwa moja: asijibu "ndiyo" kabla hajalirudia swali kwa maneno yake, na asipoelewa aseme hajaelewa. Siku mbili za kwanza alikuwa anacheka tu. Dada yangu hakupenda hata kidogo. "Kaka, unamfundisha mtoto kubishana na wakubwa." Labda kweli. Lakini kati ya mtoto mbishi na mtoto aliyefungiwa kwa sababu ya heshima, nilishachagua.

Siku ya kusomewa shtaka tuliingia chumba kidogo, mlango ukafungwa. Mashauri ya watoto husikilizwa faragha. Hakimu alisoma polepole, tena kwa upole, na upole huo ndio nilioogopa. "Umesikia. Je, ni kweli?"

Kimya. Nikaona ulimi unagusa meno, ile "nd" inakuja. Akameza mate.

"Mheshimiwa, simu niliishika. Kwamba niliiba, si kweli."

Hakimu akaandika neno moja. Wakili akaninong'oneza, "Amekana."

Shauri lilitajwa mara tatu zaidi, kisha upande wa mashtaka ukaliondoa. Koridoni dada alimkumbatia mwanawe huku analia, mimi nikaanza kupiga simu kwa ndugu. Mpwa wangu akajichomoa, akamfuata wakili.

"Kuondolewa ndiyo kuachiwa huru?"

"Hapana. Wakipata ushahidi, wanaweza kulirudisha."

Akanigeukia. "Mjomba, nipe kalamu."